Gari Jipya, Milima ya Meru na Somo la Breki

Wasomaji wa safu hii wanajua kwamba kwa miaka mingi nimekuwa nikizunguka Mombasa na gari dogo la chini, lile ambalo mvua ikinyesha na madimbwi ya Kongowea yakajaa, mwenyewe hulilaza nyumbani nikapanda tuktuk. Mwaka huu, alhamdulillah, nilifaulu kununua SUV: Mazda CX-5 ya petroli, injini ya lita mbili, rangi nyeupe. Nasema "jipya" kama tusemavyo sote hapa kwetu, yaani jipya kwangu. Japani lilikuwa limeshamtumikia mtu mwingine tangu mwaka 2018.

Wiki tatu baada ya kulichukua, nililipeleka safari yake ya kwanza ya mbali: kutoka Mombasa hadi Meru kupitia Embu, kumpeleka binti yangu mkubwa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru. Ndani tulikuwa wanne: mimi, mke wangu, mamangu mzazi ambaye alikataa katakata kubaki, na huyo mwanafunzi na masanduku yake.

Nia yangu ilikuwa kurudi na kuandika makala ya kulisifu gari. Nitalisifu, maana linastahili. Lakini nilirudi na jambo jingine la kusema, na jambo hilo linawahusu hata wasio na gari, hasa wale wenye watoto wanaosoma bara na kusafiri kwa basi.

Siku za kwanza

Kwanza ni kimo. Ukizoea gari la chini, siku ya kwanza ndani ya SUV unahisi kama umepanda ghorofani. Pale Buxton unaona juu ya paa za tuktuk mpaka taa za mbele. Tumbo la gari liko milimita 210 kutoka ardhini, hivyo matuta ya mitaani ambayo zamani nilikuwa nikiyapita kwa mshazari huku nimekunja uso, sasa nayapita moja kwa moja. Mamangu, ambaye magoti yake yanamsumbua, alifurahi kuliko sote. Gari la chini alikuwa akitumbukia na kunyanyuliwa. Hili anakaa tu kama anayekaa kitini.

Pili ni utulivu. Ukifunga milango, kelele za Digo Road zinabaki nje. Gia zake sita hujibadilisha zenyewe bila mtu kuhisi.

Tatu ni lugha. Gari likiwashwa, sauti ya mwanamke wa Kijapani hutusalimu kwa adabu kubwa, na skrini nzima ina maandishi ambayo hakuna kati yetu anayeweza kuyasoma. Mamangu huitikia "Aleikum salaam" kila mara, eti hujui, huenda ni salamu. Redio nayo ilitengenezewa masafa ya Japani, yanayoanzia 76 na kuishia 95, kwa hivyo stesheni zetu nyingi zilizo juu ya hapo haziingii mpaka fundi aongeze kifaa kidogo cha kubadilisha masafa. Hayo ni ya kucheka. Yanaonyesha hata hivyo kwamba gari hili lilikuwa na maisha kabla ya kutufikia, na mimi sikuuliza vya kutosha kuhusu maisha hayo. Nitarudi kwenye hilo.

Kilomita 110 zinazohisika kama 80

Barabara ya Mombasa hadi Nairobi ni karibu kilomita 480. Tulitoka baada ya swala ya alfajiri, tukasoma dua ya safari, na kufikia Voi nilikuwa nimeshagundua tabia ya kwanza ya gari la juu: linakudanganya kuhusu mwendo.

Sababu yake si ngumu. Binadamu hupima mwendo kwa macho na masikio kabla ya kutazama mshale. Ukiwa chini, lami inapita karibu na macho yako kama mkeka unaovutwa, nawe unaogopa. Ukikaa juu, lami iko mbali zaidi, inapita taratibu. Ongeza vioo vinavyozuia kelele, injini isiyolalamika na kiti kinachomeza mitikisiko, na mwili wako unaamini unaenda 80 wakati mshale uko 110. Hiyo 110 ndiyo kikomo cha juu kabisa cha gari dogo la binafsi nchini Kenya. Mabasi na malori kikomo chao ni 80, na ndani ya miji midogo ya njiani ni 50. Mara mbili niliingia kwenye mji nikiwa na mwendo wa barabara kuu bila kujijua. Mke wangu ndiye aliyenishtua.

Pia gari la juu halipindi kona kama la chini. Uzito wake uko juu zaidi, kwa hiyo ukiingia kona kwa kasi, mwili wa gari hulala upande na abiria hulaliana. Ukizidisha, hatari ya kupinduka ni kubwa kuliko ile ya gari la chini. Mifumo ya kompyuta inayozuia gari kuteleza inasaidia sana, lakini haibadilishi uzito wala haiwezi kuipanua kona.

Tulilala Nairobi, South C, kwa jamaa zetu, na kesho yake tukashika barabara ya Thika.

Hewa inapopungua

Thika hadi Makutano ni barabara pana na nzuri. Makutano unakata kulia kwenda Embu, unapita mashamba ya mpunga ya Mwea, kule kunakotoka pishori ya biriani zetu. Mpaka hapo nchi ni tambarare na gari lilikuwa likiimba.

Baada ya Mwea tulianza kupanda na nikaona kitu. Pale ambapo Mombasa ningekanyaga mafuta kidogo tu na gari likaruka, huku lilikuwa linasita, gia zinashuka, injini inapaza sauti. Kwanza nilidhani nimeuziwa injini iliyochoka. Siyo. Injini huchoma petroli kwa kuichanganya na hewa, na kadiri unavyopanda kutoka usawa wa bahari ndivyo hewa inavyokuwa nyepesi. Embu na Meru zote ziko zaidi ya mita 1,300 juu ya bahari. Kwenye mita 1,500 msukumo wa hewa umepungua kwa karibu asilimia 15 ukilinganisha na Mombasa, na injini ya kawaida kama yangu, isiyo na turbo, hupoteza nguvu kwa kiasi cha kukaribiana na hicho. Injini yenye turbo husukumiwa hewa kwa feni, ndiyo maana haihisi sana mlima. Ukiwaona madereva wa huko bara wanapenda dizeli zenye turbo, usidhani ni maringo.

Kwa hivyo gari lililokufurahisha Nyali likiwa na mtu mmoja ndani yake, si lilelile ukiwa Runyenjes na watu wanne na masanduku. Ukitaka kulipita lori mlimani, nafasi unayohitaji ni ndefu kuliko uliyozoea. Hilo nililielewa mapema na nikatulia nyuma ya malori. Kosa langu lilikuwa upande wa pili wa mlima, wakati wa kuteremka.

Harufu kabla ya Chuka

Sisi watu wa Pwani hatuijui miteremko. Tuna ule wa Mazeras kushuka Miritini, na tukishaupita tunajiona mafundi. Barabara ya Embu hadi Meru ni kitu kingine kabisa. Inazunguka ubavu wa mashariki wa Mlima Kenya, na mito inateremka kutoka mlimani ikiikata barabara mmoja baada ya mwingine. Kila mto umechimba bonde lake. Maana yake ni kwamba huendi sawa: unashuka bondeni, unavuka daraja, unapanda, unapumua kidogo juu, kisha unashuka tena. Mandhari ni ya kupendeza, migomba na majani ya chai kila upande. Lakini kila bonde ni mtihani wa breki.

Mamangu alikuwa na mtihani wake pia. Imepokewa kwamba Masahaba walipokuwa wakisafiri, wakipanda walipiga takbiri, na wakiteremka walisabihi. Basi yeye kila tukipanda alisema "Allahu Akbar", tukishuka "Subhanallah", na alichoka kwa jinsi mabonde yalivyofuatana.

Mimi nikawa nateremka kama nilivyozoea nyumbani: mkono wa gia uko kwenye D, mguu uko kwenye breki, nimeubana tangu juu mpaka chini. Gari lilikuwa tulivu, hakuna mlio, hakuna mtetemo. Tulipovuka mto Thuchi, unaotenganisha Embu na Tharaka Nithi, na kupanda ng'ambo ya pili, binti yangu akasema, "Baba, kuna kitu kinaungua." Nikasema ni moshi wa shambani. Bonde lililofuata, mimi mwenyewe nikaisikia ile harufu, kali kama ya mpira na chuma. Na nilipokanyaga breki, kanyagio likashuka chini zaidi ya kawaida, laini, kama unakanyaga sponji.

Wallahi moyo ulinidunda. Namshukuru Mola kwamba tulikuwa karibu kufika chini na mwendo haukuwa mkubwa. Nilipanda ng'ambo na kwenye soko dogo la kwanza nikaegesha kando. Kutoka kwenye magurudumu ya mbele ulitoka moshi mwembamba.

Mzee mmoja dereva wa lori, aliyekuwa amepumzika pale akinywa chai, alitukaribia. Aliniamkia, akanusa, akatazama namba za gari, kisha akaniuliza kwa upole, "Mnatoka chini?" Nikamwambia Mombasa. Akatikisa kichwa kama daktari aliyeshapata jibu. "Usimwagie maji. Usifungue kofia ya mafuta ya breki. Ngoja nusu saa. Halafu nikuonyeshe hiyo gia yako inafanya nini."

Joto linakwenda wapi?

Alichonieleza mzee yule, na nilichokuja kukisoma baadaye, nitakifupisha hivi.

Gari likipanda mlima, petroli hufanya kazi ya kuunyanyua uzito wote ule juu. Likishuka, kazi ile lazima irudi, haipotei. Breki haziiui kazi hiyo. Huigeuza kuwa joto. Gari langu na watu na mizigo ni karibu tani mbili. Chukua mteremko unaoshuka mita 100 tu kwa kimo. Joto linalotokea, kama lote litaachiwa breki, linatosha kuchemsha lita sita za maji kutoka baridi mpaka yatokote. Sasa fikiria joto la sufuria kubwa ya namna hiyo limeingia kwenye diski za chuma na pedi nne za magurudumu ya mbele, na kabla hazijapoa, bonde la pili, na la tatu.

Breki zikizidiwa na joto hushindwa kwa njia mbili. Ya kwanza, pedi hupoteza mshiko. Unakanyaga, kanyagio ni gumu, lakini gari halipungui. Ya pili ndiyo iliyonipata mimi: mafuta ya breki huchemka. Mguu wako unapokanyaga, ni mafuta yale ndiyo yanayobeba nguvu kutoka kwenye kanyagio hadi kwenye gurudumu, kwa sababu kitu cha maji hakibonyei. Yakichemka hutoa mapovu, na mapovu hubonyea. Basi unakanyaga mapovu, kanyagio linakwenda chini, na breki hakuna.

Dawa yake ni kutoipa breki kazi yote. Injini yenyewe inaweza kulishika gari. Ukiondoa mguu kwenye mafuta huku gia ndogo imeingia, magurudumu ndiyo yanayolazimika kuizungusha injini, na injini huwa nzito kuzungushwa. Kadiri gia inavyokuwa ndogo ndivyo inavyolishika gari zaidi. Joto lote linaenda injini, ambayo ina rejeta na feni za kulitoa, badala ya kubaki kwenye diski.

Mzee aliuvuta mkono wa gia wa CX-5 upande, kwenye alama ya M. Nilikuwa nimekaa na gari wiki tatu na sikujua ile alama ni ya nini. Nilidhani ni ya vijana wa mashindano. Ukisukuma mbele, gia inapungua. Ukivuta nyuma, inapanda. Kwenye dashibodi inaandika M4, M3, M2. Aliniambia nichague gia kabla ya mteremko, nikiwa bado juu, na kwamba gia ya kupandia mlima ndiyo ya kuushukia. Breki nitaitumia kwa kukanyaga imara kidogo, kuachia, kuacha ipoe, kisha kukanyaga tena; si kuibana mfululizo.

Nilimuuliza kuhusu petroli, maana injini ilikuwa ikipaza sauti kwenye gia ya pili. Akacheka. Ukweli ni kwamba magari ya kisasa yenye kompyuta hukata petroli kabisa ukiondoa mguu huku gia imeingia, kwa hiyo kelele ile hailipiwi. Wale wanaoweka gia huru ili "kuokoa mafuta" wanashuka na injini inayoendelea kunywa petroli kidogo, na breki peke yake ndiyo iliyobaki kuwashika.

Mamangu alikuwa akisikiliza dirishani. Yeye ni binti wa nahodha. Akasema, "Huyu mzee kasema maneno ya baba yangu. Tanga hupunguzwa kabla ya upepo kufika, si umeshafika." Yule mzee hajawahi kuona jahazi, lakini alimwelewa papo hapo.

Nithi

Tulifika Meru salama. Kesho yake tulimpeleka binti Nchiru, nje ya mji, tukakamilisha usajili wake na kumtafutia godoro na blanketi zito, maana baridi ya huko si ya mchezo kwa mtu wa Pwani. Wazee wa Kimeru husimulia kwamba mababu zao walitoka kisiwa cha Mbwaa huku kwetu pwani, na wapo wanahistoria wanaokiona kisiwa hicho kuwa Manda, karibu na Lamu. Mke wangu alimtania binti: basi hujaja ugenini, umewafuata jamaa waliotangulia kupanda.

Lakini mimi akili yangu ilikuwa kwenye njia ya kurudi. Kutoka Meru kuja Embu unapita Nkubu, Igoji, kisha njia ya kuingia Chogoria, halafu unashuka kwenye daraja la Nithi kabla ya Chuka. Jina hilo msomaji unalijua. Jioni ya Jumapili, 24 Julai 2022, basi lililotoka Meru likija Mombasa lilishindwa kusimama kwenye mteremko huo, likaacha njia darajani na kutumbukia bondeni. Zaidi ya watu 30 walifariki. Maafisa wa eneo walisema wakati ule kwamba huenda breki zilifeli. Basi lile lilikuwa linakuja kwetu. Na hiyo ndiyo njia atakayoipita mwanangu kila chuo kikifungwa.

Nilipokuwa nikienda sikuwa nimeutilia maanani ule upande, kwa kuwa kutoka Chuka unashuka kwa upande mwingine. Safari hii nilipunguza mwendo mapema, gari likiwa bado juu. Nikaingiza M3, kisha M2. Injini ikanguruma, mshale wa mwendo ukatulia, na nikaondoa mguu kwenye kila kitu. Nyuma yangu matatu moja ilipiga honi, kisha ikanipita kwa kasi. Mamangu alikuwa na tasbihi yake. Tulivuka daraja taratibu, na katika mteremko wote ule niligusa breki mara tatu tu. Hapakuwa na harufu.

Nilitazama mto chini. Maji ya Nithi, kama ya Thuchi, huishia mto Tana, na Tana huja kumwaga baharini kwetu, upande wa Kipini. Mto wenyewe hushuka kutoka mlimani mpaka Bahari Hindi siku zote, polepole, na hufika.

Jambo ambalo sikuuliza

Niliporudi Mombasa nilimpelekea fundi gari na kumweleza kisa chote. Akafungua kichupa cha mafuta ya breki, akaingiza kipimo kidogo cha taa. Ikawaka nyekundu. Mafuta yalikuwa meusi na yamejaa maji.

Hili ndilo ninalotaka kila mnunuzi wa gari la mtumba hapa Pwani alijue. Mafuta ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani hata kama hujawahi kufungua kifuniko. Ni tabia yake. Yale yanayoitwa DOT 4 yakiwa mapya, kiwango chake cha chini cha kuchemka ni nyuzi 230. Yakishanyonya maji kiasi, kiwango hicho hushuka mpaka 155. Mafuta yangu yalikuwa mazee, na mlima ukayakuta hivyo.

Kwa nini yawe mazee kwenye gari zuri namna hii? Japani, gari la binafsi hukaguliwa baada ya miaka 3 ya kwanza, kisha kila miaka 2, na wakati wa ukaguzi ndipo kwa kawaida mafuta ya breki hubadilishwa. Ukaguzi ule ni wa gharama, na wengi huona afadhali wauze gari unapokaribia. Ndipo gari linapokwenda mnadani, linapanda meli, linakaa bandarini, linakaa yadi, vyote hivyo kando ya bahari. Sheria yetu inataka gari lisizidi miaka 8 tangu lisajiliwe kwa mara ya kwanza, na kabla ya kusafirishwa hukaguliwa. Lakini hakuna anayekubadilishia mafuta hayo kwa niaba yako. Muuzaji aliniambia "kila kitu kimefanywa", nami nikatazama rangi, viti na skrini, nikaridhika. Lawama ya kwanza ni yangu.

Kubadilisha mafuta ya breki hakumalizi saa nzima, na bei yake ni ndogo ukilinganisha na ya tairi moja.

Kwa anayeendesha na kwa anayepanda basi

Kwa dereva wa Pwani anayepanda kwenda Embu, Meru, au mlima wowote, nina haya machache. Badilisha mafuta ya breki kila miaka 2, na ukinunua gari la mtumba libadilishe siku ya kwanza. Jifunze alama zote za mkono wa gia ukiwa nyumbani. Magari mengine badala ya M yana L, 2 au B. Kazi ni hiyohiyo. Punguza mwendo juu ya mteremko, si katikati yake. Usiweke gia huru, wala usizime injini. Ukisikia harufu ya kuungua, au kanyagio likawa laini, ingiza gia ndogo, simama mahali salama, na uwe na subira mpaka breki zipoe.

Kwa abiria: breki za basi husukumwa kwa upepo, si mafuta, lakini nazo hupata moto na kupoteza mshiko vilevile, na uzito wa basi ni mara nyingi wa gari langu. Dereva mzuri utamsikia anashusha gia kabla ya bonde, injini inanguruma, basi linashuka kwa utulivu. Ukiona basi linashuka kimya huku linazidi mwendo, au ukinusa harufu ile, sema. Msikae kimya kwa haya. Abiria wanne wakisema pamoja, dereva husikia. Nauli uliyolipa haimpi mtu ruhusa ya kukimbia na roho yako.

Na gari langu? Nalipenda bado. Kwenye mafuta mapya ya breki na dereva aliyefundishwa adabu, ni chombo kizuri cha familia, na magoti ya mamangu yameshapiga kura. Lakini sifa zake zote nilizozihisi siku za kwanza, kimo, utulivu, ulaini, ndizo zilizonificha mlima. Gari lile la zamani lingepiga kelele mapema, nami ningeogopa mapema.

Binti yangu nimemfundisha hayo yote kabla hatujaagana, mpaka akasema, "Baba, mimi nimekuja kusomea hesabu, si udereva." Nikamwambia hii nayo ni hesabu. Chuo kilipofungwa alipanda basi la asubuhi, si la usiku, kama tulivyokubaliana, akakaa karibu na mbele. Saa nne na robo simu yangu ikalia, ujumbe mfupi: wamevuka Nithi, na dereva aliteremka na gia.

Wabillahi tawfiq.